Mwenye Nyumba wa Kinamasini

Yokote, 14 Novemba

Chinatsu, mwana wa dada yangu,

Huku theluji ya kwanza imeanguka juzi, ile ya majimaji isiyo na faida yoyote, imechafua njia tu. Natumaini huko Fukuoka bado mnatembea bila koti, na kile kikohozi ulichokuja nacho kwenye kumbukumbu ya bibi yako kimekwisha. Mimi mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka sabini na miwili. Magoti ndiyo yamegoma. Miaka arobaini na minne ya kushona mikeka ya tatami, usitegemee yakushukuru. Figili nimezitundika juu ya moshi tangu wiki iliyopita, zikiwa tayari nitakutumia wewe na mama yako.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mama yako hajui kufunga mdomo, na safari hii namshukuru. Ameniambia kwamba mwanangu Ryuhei ni mmoja wa waliotengeneza mchezo wa video unaoitwa Taji la Kinamasi, na kwamba wewe kazi yako ni kuandika maelekezo ya kuwafundisha watu kuucheza. Basi nimeununua, pamoja na mashine yake. Binti wa dukani akaniuliza kama ni zawadi ya mjukuu. Nikamwambia afunge tu.

Chinatsu, ni uchafu gani huu? Nimefungua saa tatu asubuhi baada ya chai. Mpaka saa tano nimekufa mara kumi na tisa, zote mikononi mwa kitu kimoja chenye mwili wa chura na meno ya binadamu, na kila nikifa kinanilamba. Kinanilamba! Nilikwenda kunawa uso, kana kwamba mate yametoka kwenye kioo.

Ryuhei hajafungua mdomo kwangu mwaka wa tisa huu, tangu tulipomzika mama yake. Unajua sababu, kila mtu anajua: hakutaka kurithi karakana. Simlazimishi tena. Nataka tu nimwandikie neno moja la maana kuhusu kazi yake, aone kwamba nimeitazama, anijibu hata mstari mmoja. Lakini siwezi kuvuka hata daraja la kwanza. Nielekeze kama mtu asiyejua kitu. Na uniambie ni sehemu gani aliyoitengeneza yeye, ili nisipoteze macho yangu kwa uchafu wa watu wengine.

Mjomba wako,
Kuwabara Shigenobu


Fukuoka, 1 Desemba

Shikamoo mjomba,

Kikohozi kimekwisha. Mama alinipigia toka Sendai, anasema hajaropoka, alikuwa anakupa habari. Ananiagiza nikukumbushe kupasha moto chumba unachokaa, siyo jiko peke yake. Nami nakukumbusha.

Barua yako niliisoma ofisini nikacheka mpaka wenzangu wakageuka. Samahani. Mara kumi na tisa kwa yule chura siyo aibu. Wapo wanaofika hamsini wakarudisha mchezo dukani.

Sikiliza basi. Acha kubonyeza kitufe cha kupiga kama mtu anayegongea msumari. Piga mara moja, rudi nyuma, tazama. Wanaoanza wote hufa kwa uroho wa pigo la pili. Halafu vua yale mavazi ya chuma. Najua umeyavaa, kila mtu huyavaa siku ya kwanza, yanang'aa. Ukiwa mzito hubingiriki, na usipobingirika huku ndani wewe ni kitoweo. Ukipata nafasi ya kuongeza uwezo, achana na nguvu za mkono. Ongeza uhai, mara tano sita mfululizo, ndipo ufikirie mengine. Mkono wenye nguvu ndani ya mwili unaokufa kwa kofi moja haukusaidii.

Ukifa, ulichokusanya kinabaki pale ulipoangukia, na una safari moja tu ya kukifuata. Ukifa njiani kimepotea moja kwa moja. Kwa hiyo ukirudi usigombane na yeyote. Okota, uondoke.

Kinamasini usikimbie. Kula uyoga mweupe kabla ya kuingia, siyo baada ya kuanza kutapika.

Ryuhei ni mzima. Kazi nyingi. Tunakutana mara mojamoja tunakula tambi.

Mpwa wako,
Chinatsu


Yokote, 20 Desemba

Chinatsu,

Theluji sasa imefika dirishani. Jirani yangu Bi Hatsuyo ameanguka akikwangua paa, hakuvunjika, ila mdomo wake umepata kazi ya mwezi mzima. Figili nimezituma jana. Kata nyembamba. Mara ya mwisho mlizikata kama kuni.

Nimevua chuma. Natembea na kanzu ya mtawa na rungu, kama mzee aliyetoroka hospitali. Na chura nimemuua, mjukuu wa mbwa yule! Pigo moja, nyuma, natazama. Pigo moja, nyuma. Ni kama kushona ukingo wa mkeka: mwenye haraka anajichoma sindano. Mbona hukuniambia tangu mwanzo kwamba ni kazi ya subira? Hiyo naiweza.

Lakini kinamasi, mwanangu, kinamasi. Maji ya rangi ya supu iliyochacha, na yanatoa mapovu, na ndani ya kila povu kuna funza anayekutazama. Nimekula uyoga wako mweupe na bado nimepata kichefuchefu, mimi mwenyewe, hapa sebuleni. Sikumaliza chakula cha mchana. Watu wazima wamekaa mezani wakashauriana ni funza wa aina gani. Wamesomeshwa kwa hilo!

Mkutubi amenichapia yale maelekezo yako ya kwenye mtandao, kurasa thelathini. Unaandika vizuri, sikujua.

Nina maswali mawili. La kwanza hukulijibu: sehemu ya Ryuhei ni ipi? La pili ni jipya: umesema Ryuhei mzima, Manami mkewe hukumtaja. Yule binti nimemwona kwenye picha ya harusi tu, lakini ni mkwe wangu.

Mjomba wako


Fukuoka, 9 Januari

Shikamoo mjomba, na heri ya mwaka mpya.

Kadi yako ilifika tarehe moja yenyewe, na yule farasi uliyemchora kwa wino tumembandika jikoni. Figili nilizikata nyembamba, mama shahidi. Alikaa nami siku tano, akanipangia upya kabati zote, sasa sioni kijiko.

Hongera kwa chura. Ukishavuka kinamasi utaona njia mbili. Shika ya kulia, ile inayopanda mnara wa kengele. Kushoto kuna nyumba moja pweke yenye taa. Usiingie. Haina faida kwa anayeanza, silaha inayotoka humo hutaiweza, na anayeishi humo anaudhi tu. Hata mimi niliyoyaandika kuhusu nyumba hiyo siyapendi. Ofisini wanataka njia fupi kuliko zote, nikaandika njia fupi kuliko zote. Ruka kurasa hizo.

Mnarani kuna upepo na mandhari nzuri. Utapapenda.

Baridi ni kali, jitunze.

Chinatsu


Yokote, 3 Februari

Chinatsu,

Leo ni siku ya kufukuza mashetani. Bi Hatsuyo amemwaga soya zake za kukaanga mpaka kwenye uga wangu, akipiga kelele shetani nje, baraka ndani, akinitazama mimi. Kwangu sikurusha. Nyumba ya mtu mmoja, nani arushe na nani avae kinyago? Zamani nilikivaa mimi, kila mwaka. Ryuhei alinirushia soya kwa nguvu zote mpaka zikaniachia alama shingoni, na Fusae, mama yake, alimwambia inatosha. Ilikuwa siku pekee katika mwaka mzima aliyoruhusiwa kunipiga.

Niliingia kushoto. Ulitegemea nini? Umeniandikia usiingie, kisha ruka kurasa hizo, katika aya moja.

Nilipofungua mlango sikumtazama shetani. Nilitazama sakafu, ndiyo macho niliyo nayo. Mikeka minane. Saba ina ukingo wa kahawia, mmoja, wa karibu na jiko, una ukingo wa kijani. Chinatsu, hakuna fundi duniani anayetandika hivyo. Mimi nilitandika hivyo. Nyumba za wateja nilizipa ukingo mmoja safi, nyumbani kwangu nilimalizia mabaki, na Fusae kila mgeni akija alihamisha mto wa kukalia akae juu ya ule wa kijani ili usionekane.

Wakati nauangalia, nikauawa.

Umemwona, umemwandika, sina haja ya kukueleza. Lakini nitakueleza, nimeshindwa kukaa nacho. Tumbo limefungua vazi. Wali umeganda ndevuni, nzi wanatembea humo. Anakula kwa kelele, anabeua, halafu bila sababu anashika meza fupi kwa mkono mmoja na kuipindua, na supu ikigusa mikeka inakuwa sumu. Halafu yule mwanamke mdogo anatoka pembeni, anapiga magoti, anaokota wali punje kwa punje, na kila punje inamrudishia yule nguruwe uhai. Yeye wakati huo hapigani. Amekaa. Punje ikisahaulika anaionyesha kwa kidole, na mwanamke anatambaa kuifuata.

Jina lake Mwenye Nyumba. Mkutubi ananiambia vijana wanarekodi video wakiiga kile kidole, wakicheka.

Nilikufa mara thelathini na mbili. Ndipo nikafungua ukurasa wako. Umeandika: "Anza na mwanamke. Hana ulinzi, anakufa kwa pigo moja, na bila yeye Mwenye Nyumba hajiponyi." Nikafanya hivyo. Nilimpiga kwa rungu akiwa amepiga magoti, mgongo wake umenielekea. Hakugeuka. Baada ya hapo ilikuwa rahisi, kama ulivyoahidi.

Nilitapika, Chinatsu. Kwenye beseni la jikoni, mchana kweupe, mzee mzima.

Sasa nimejua sehemu ya mwanangu. Mimi ndiye sehemu yake. Sikumwibia, sikumnyima shule, sikuwahi kumpiga, muulize mama yako. Nimepindua meza, ndiyo. Baba yangu alipindua, baba za wote wa mtaa huu walipindua, na kesho yake watu walikwenda kazini. Kwa hilo ananivisha nzi na kuniuza kwa dunia nzima? Huo ni utovu wa adabu unaonuka kuliko kinamasi chake.

Na ile ya kidole sijui ameitoa wapi. Amebuni.

Usimwambie lolote.

Kuwabara Shigenobu


Yokote, 26 Februari

Chinatsu,

Siku ishirini na tatu, hujajibu. Hata habari za mama yako sijapewa. Nimekukasirisha, au unangoja nimalize. Namaliza.

Hakubuni.

Ilikuwa majira ya kuchipua, mwaka uleule aliofariki Fusae. Ryuhei alikuja kwa siku mbili. Mteja alikuwa amekataa mikeka yangu mbele ya mafundi wengine, nikarudi nyumbani na fedheha hiyo kifuani, na supu ilikuwa ya vuguvugu. Basi. Nikapindua. Fusae akapiga magoti kama kawaida. Alikuwa anaokota polepole, nikadhani ananikomoa. Hakuwa ananikomoa. Daktari alikuwa ameshamwambia habari ya ugonjwa wiki moja kabla, naye alikuwa anangoja nipate siku nzuri aniambie. Mimi nilikaa. Nikanyoosha kidole nikasema, "Pale, bado moja." Akaifuata.

Nilimwona Ryuhei mlangoni. Nilijiambia hakusikia, na kwa miaka tisa nimewaambia watu ni habari ya karakana. Mama yako nimemwambia hivyo. Wewe nimekuandikia hivyo.

Nilipokuwa namwangalia yule shetani na nzi wake, nilichukizwa naye kama ningemchukia mtu wa mbali. Kilichonikaa tumboni siyo nzi. Ni kwamba alipolala chini amekufa nilifurahi kwanza, kabla ya kumkumbuka yule mwanamke niliyemuua ili nimfikie.

Barua hii mpe Ryuhei, na ile ya mwanzo wa mwezi. Zote mbili, usiifiche ile ya matusi. Mwambie simwombi anijibu.

Shigenobu


Fukuoka, 22 Machi

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kwa ukimya. Mama mzima, mimi mzima. Cheri za huku zimeanza kuchanua na sijazitazama.

Barua ya kwanza niliificha kwenye droo. Ya pili ilipofika nilizichukua zote mbili nikampelekea nyumbani kwake, maana kazini hajaonekana tangu mwezi wa kwanza. Alizisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye kidole alikaa chini. Nikamwambia, "Ryuhei, mzee amekuelewa." Akanijibu, "Hajanielewa hata kidogo." Nitakuandikia alivyosema, sipunguzi wala siongezi.

"Sakafu ni ya kwake. Niliichora kwa sababu ndiyo sakafu ninayoijua. Lakini yule aliyekaa siyo yeye. Pima mkono wake, ni wangu, nilijipiga picha kwenye kioo nikauchora. Mwaka juzi mwezi wa kumi kazi yangu ilikataliwa kwenye kikao. Nikarudi nyumbani. Manami alikuwa ameweka mezani sahani tatu. Sina hata meza fupi, Chinatsu, nina meza ya kawaida, ya miguu mirefu, nilihitaji mikono miwili kuipindua. Yeye akainama kuokota. Na mimi nikanyoosha kidole. Sikusema kitu. Nilinyoosha tu. Nikajiona. Mambo mengine yote ya baba nilijua ninayo, nikawa najihadhari nayo. Hili nilidhani nimeliacha Yokote."

Manami aliondoka wiki ileile. Ndiyo maana sikumtaja, mjomba. Niliahidi. Yuko kwa wazazi wake Kagoshima, hajambo, hataki kuonana naye.

Ryuhei anasema alimtengeneza Mwenye Nyumba ili watu milioni wamuue kila siku. Alitaka kumwona akifa. Anasema haikusaidia, kwa sababu wote wanaanza na mwanamke. Na aliyewafundisha ni mimi. Niliwaomba ofisini niufute ukurasa ule, wamekataa, unasomwa kuliko kurasa zote. Nimeacha kazi Ijumaa. Usiniambie nimefanya vizuri, nilikaa na ukurasa huo mwaka mzima.

Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Hakuniambia nikupe, lakini nilipouliza hakusema nisikupe.

Chinatsu


Yokote, 27 Aprili

Chinatsu,

Huku nako cheri zimefunguka, wiki tano baada yenu kama kawaida, na Bi Hatsuyo anapika maandazi ya wali kwa mtaa mzima kana kwamba yeye ndiye aliyezichanua. Nimemweleza mama yako yote kwa simu. Akasema alijua, Fusae alimwambia hospitalini. Miaka tisa dada yangu amekuwa ananisikiliza nikisema karakana, karakana, na kunimiminia chai.

Nilikwenda. Treni nne, kutwa nzima, magoti sina tena. Nilimkuta mlangoni anatoa taka. Amekonda, ana mvi, nilitaka kumpita nikidhani ni mtu mwingine. Akasema, "Karibu, baba," kama anayemkaribisha fundi bomba.

Ndani kunanuka. Vyombo mpaka dirishani, na ile meza imeegeshwa ukutani, hajaisimamisha tangu siku ile. Mwaka na nusu anakula amesimama. Nilisikia karaha, na sikuwa na haki ya kuisikia, nikakaa sakafuni. Naye akakaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwomba radhi, maneno nimeyapanga vizuri. Nikayasema. Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Hakusema amenisamehe na sikuuliza.

Halafu akaniuliza yeye. Sauti ilikuwa ya kweli, Chinatsu, hakuwa ananichoma. Aliuliza kama mtu anayetaka maelekezo kwa aliyetangulia. "Baba, hii kitu inaisha? Wewe huna tena. Kila mtu anasema umekuwa mpole. Iliisha vipi?"

Nilitamani kumdanganya. Ningeweza kumwambia ni umri, au subira, au kazi ya mikono. Alikuwa ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikamwambia ukweli. "Haikuisha. Hapakubaki mtu wa kuokota."

Alilia, nami nikalia. Sikumshika, hatujui kushikana. Nimerudi huku kwa kuwa alisema nirudi, na kwamba ataandika. Mpaka leo hajaandika. Nakaa karibu na kisanduku cha barua.

Mjomba wako,
Shigenobu